Windows Moja ya Claudine

Msinione nauza maharage hapa sokoni Kibondo mkadhani sina la kusema kuhusu kompyuta. Ninalo, na leo nitalisema. Claudine Niyubahwe, mwalimu wa kompyuta kwenye kile kituo cha ufundi nyuma ya soko, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, Esteri, tangu hajui kufunga kamba za viatu. Asiyetaka kunisikia nikimsifu akanunue maharage kwingine.

Kituo chao kilipewa kompyuta kumi za msaada. Nzuri tu, ila zilikuja na Linux, mfumo wa bure, na mtihani wa uhasibu unafanywa kwa programu isiyokubali kukaa popote ila kwenye Windows. Windows halali walikuwa nayo moja, ile iliyonunuliwa dukani na boksi lake, na kompyuta iliyokuwa nayo ilipigwa na radi. Mnazijua radi za huku kwetu. Bila programu ile, kozi ya Claudine ya uhasibu isingesajiliwa, na isiposajiliwa darasa linafungwa, naye anarudi Busunzu kulima mihogo.

Akaja Nicodemus, fundi kutoka Kasulu, kijana mwenye maneno matamu. "Dada, usijitese," akamwambia. "Ninayo Windows iliyochakachuliwa hapa kwenye flashi. Mpaka jioni zote zitakuwa zinapiga kazi."

Claudine akakataa. Nilikuwepo, nimewapelekea uji, na kusema kweli nilimkasirikia. Nikamvuta pembeni. "Mwana wanje, mwanangu, unakataa msaada? Hapa mjini ni wangapi wanayo ya halali?" Alikaa na masharti ya ile Windows ya boksi, akayasoma neno kwa neno, kamusi pembeni. Akakuta inaruhusiwa kuhamishiwa kompyuta nyingine, mradi ikae mahali pamoja tu, na hapo mahali panaweza kuwa hata mashine pepe.

Mashine pepe ndiyo nini? Hata mimi niliuliza. Ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu tu, ndani ya kompyuta nyingine. Linux inabaki mwenye nyumba, Windows inapewa chumba, inawaka humohumo na kufanya kazi zake zote. "Ila mama," akaniambia, "mpangaji naye lazima awe na karatasi zake. Kulala kwa mtu mwenye karatasi hakukupi wewe karatasi." Hapo nikaelewa. Sisi ambao wazee wetu walitoka Burundi, tukaishi hapa kwa vibali mpaka tulipopewa uraia, jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa.

Basi akaiweka Windows yake kwenye kompyuta moja, ikaikubali ile namba ya kwenye boksi. Wanafunzi wakawa wanapokezana, mmoja kwenye kiti, wengine wanangoja kwenye benchi. Mambo yakaenda vizuri.

Sasa sikilizeni walichofanya. Kumbe mashine pepe ni faili kama mafaili mengine, unaweza kuinakili. Na watoto wetu tumewalea hivi: mtu akipata mbegu nzuri ya maharage, kila jirani anapelekewa kikombe apande. Siku moja kabla ya mkaguzi wa kusajili kozi kuja, Tunu, binti mwenye akili kuliko wote pale darasani, akawaongoza wenzake wakaigawa ile Windows kwenye kompyuta zote. Walitaka kumfurahisha mwalimu wao.

Asubuhi Claudine anaingia, mkaguzi nyuma yake, mimi na sufuria langu la uji mlangoni, kompyuta zote zinawaka Windows. Mkaguzi mwenyewe, Bwana Raymond, mtu wa Tanga, akatabasamu. "Hongera, mwalimu. Umejitahidi sana."

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, haki ya Mungu, tena ningeitikia na hongera. Niliuona uso wa mwanangu ukibadilika, nikajua ameshaelewa kilichotokea, na nikajua vilevile kwamba hatanyamaza.

"Hapana, Bwana Mkaguzi," akasema. "Halali ni hii moja ya pembeni. Hizi nyingine zimenakiliwa bila mimi kujua. Nazifuta sasa hivi."

Akakaa, akaanza kufuta, akimaliza hii anahamia ile. Tunu akaanza kulia. Claudine akamwambia bila ukali, "Mbegu ukiinunua ni yako, unaigawa utakavyo. Hii tumeruhusiwa kuitumia tu. Futa machozi, uje unisaidie."

Mkaguzi alikuwa amesimama akimtazama. "Mwalimu, mimi nisingejua."

"Najua," Claudine akajibu. "Lakini mimi nimekulia kwenye vibali, mzee. Najua mtu asiye na kibali anavyotembea."

Yule bwana akaitazama ile kompyuta moja ya pembeni. Kisha akauliza, "Sasa kwa mashine moja, mtihani watafanyaje?"

"Mmoja mmoja, mpaka waishe."

"Watashinda hapa kutwa nzima."

"Tutashinda nao."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya ile moja ya pembeni, akamtaka Tunu aifungue programu amwoneshe hesabu za duka. Tunu akaifungua, pua bado inavuja, akazifunga hesabu zote sawasawa. Mkaguzi akatoa kalamu. "Naisajili kozi yako, mwalimu," akasema. "Na nikifika vituo vingine, nitawaambia waje waone hapa."

Kwetu mgeni ndiye anayenywa kwanza. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Lakini nilipomimina uji, kikombe cha kwanza nilimpelekea Claudine, nikasimama hapo mpaka akakimaliza. Mkaguzi akangoja.