Jina Linalobisha Tongaren

Baba alipokufa tulizima simu yake, na Mama akaitia sandukuni chini ya kitanda. Miezi michache baadaye nilitoka Kitale, ambako kazi yangu ni kuwawekea wenye maduka mitandao ya intaneti, nikaenda nyumbani Tongaren kumhamisha Mama. Sisi watoto hatukutaka aendelee kuishi peke yake, naye alikuwa amekubali. Nilipofika nilikuta amefungua tena mizigo.

"Baba yako bado anaingia," aliniambia.

Nilikuwa nimemfundisha kutazama simu zilizounganishwa kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ajue wajukuu wakija wanapommalizia intaneti. Sasa kila jioni, chini ya simu yake, lilitokea jina MZEE. Ndilo jina nililoiwekea simu ya Baba alipokuwa hai.

Nilicheka, kisha nikaeleza. Jina si ushahidi. Kifaa hujitangazia jina lolote na ruta huamini, kama mtu anayebisha, ukimuuliza ni nani, anajibu "ni mimi". Kinachokiingiza ni nenosiri, na letu tulilibandika kwenye hema la matanga, kijiji kizima kikalisoma. Ningelinganisha anwani za vifaa, lakini simu za siku hizi hujibunia anwani mpya. Hata hivyo nilifungua sanduku. Simu ya Baba ilikuwemo, betri imevimba, kioo kimepoa kama jiwe.

"Sasa ni nani?" Mama aliuliza kwa upole.

Mawimbi ya ruta ile hayaendi mbali. Yanavuka ua, yanapita kaburi la Baba kando ya migomba, yanaishia kwenye mahindi. Aliyeunganishwa lazima alikuwa humo ndani. Nilizunguka jua likiwa bado halijazama, simu mkononi, jina likiwa palepale. Sikuona mtu. Mahindi makavu yalikwaruzana, ingawa upepo sikuusikia.

Sikuogopa mzimu. Niliogopa mtu hai, aliyejua kwamba mjane huyu akiona jina hilo hafungi mlango. Na kweli, Mama alikuwa ameacha kuweka komeo.

Nikabadilisha nenosiri. Nilichagua maneno matatu yasiyohusiana, nikayaunganisha: mlimakijikoulezi. MZEE akatoweka. Kisha ruta ikaanza kuonyesha kwamba kuna kifaa kinajaribu kuingia na kukataliwa. Kikajaribu tena, na tena. Nilimwambia Mama simu hufanya hivyo zenyewe, hazina nia.

"Umemfungia nje," alisema.

Akaniomba nenosiri jipya. Nilidhani ni la simu yake, nikampa. Alilirudia midomoni, akatoka hadi kaburini, akalisema polepole kama anayemwelekeza mtu njia.

"Mrima. Kijiko. Urezi."

Ningekasirika, lakini nilipata nafuu. Ulimi wa Mama ulikuwa umegeuza kila l kuwa r. Mgeni aliyejificha kwenye mahindi angeandika alichosikia, na mlango usingefunguka. Angeweza tu aliyezoea kumsikia Mama akisema. Nilijikumbusha kwamba hao ni nusu ya kaunti yetu ya Bungoma.

Tuliketi sebuleni, kioo cha simu yangu kati yetu. Majaribio yakakoma. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Halafu jina likarudi: MZEE, limeunganishwa. Nilitazama nguvu ya mawimbi yake, maana hiyo hukuonyesha kifaa kiko karibu kiasi gani na ruta. Yalikuwa na nguvu kuliko ya simu niliyoshika, na ruta ilikuwa juu ya kabati, hatua chache tu kutoka kitini pangu.

Niliinuka nikaweka komeo. Mama hakunizuia. Alivuta kiti kimoja mbali kidogo na meza, kama tunavyofanya mgeni anapotaka kuketi, akarudi kuketi mbele ya chai yake.

Asubuhi niliwapigia ndugu zangu, nikawaambia Mama hahami, na kwamba mimi pia nitakaa naye kwa muda. Wakauliza kuna nini. Nikasema mtandao una shida.