Barua za Othmani kwa Mkono wa Mwatumu

Tarehe 9 Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Habari ilipofika Tanga, Mwatumu binti Pandu alikuwa na miaka thelathini na tisa, na siku hiyo alianza upya kumngoja kaka yake Othmani, aliyenyamaza miaka mingi huko Ujerumani Mashariki. Sasa ana miaka sabini na mitano. Anaishi Mayfair, Johannesburg, kwa binti yake Saida; wajukuu wanaelewa Kiswahili chake lakini humjibu kwa Kizulu. Bado anataka kujua Othmani aliishia wapi, na mimi, ninayewatafutia watu ndugu zao waliopotea, aliniita nimsaidie.

Kaka zake walikuwa wawili. Mwaka 1964 Othmani alikwenda Leipzig kusomea uhandisi. Mwaka uliofuata Mselem, mdogo wake, akapata nafasi Ohio, Marekani. Mama yao aliwaaga wote kwa dua ileile. Lakini Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wameigawa dunia, na mwanafunzi aliyepokea barua kutoka upande wa pili aliogopa kuhojiwa, hata kunyang'anywa ufadhili. Ndugu hao wakaandikiana kupitia Tanga. Mwatumu alizinakili barua zao kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani. Ujerumani ikawa "kwa shangazi", Marekani ikawa "shambani". Kisha alizituma kwa stempu ya nyumbani, na zile za asili mama yake akazichoma jikoni.

Mselem alifariki mwaka 2011. Mjane wake alimrudishia Mwatumu barua thelathini na moja alizopokea "kutoka kwa Othmani". Ya mwisho, ya mwaka 1972, inasema kaka amehamia Rostock, anafanya kazi bandarini, ameoa.

"Hii ndiyo itakayotusaidia, Bi Mwatumu," nilimwambia. "Nitaandika Rostock, watazame daftari za wakazi."

"Usiandike, mwanangu. Utawasumbua Wajerumani wa watu."

"Kwa nini?"

"Rostock niliitoa kwenye atlasi ya shule. Barua hiyo nimeitunga mimi."

Saida, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini. "Mama! Kila Idi unatusomea barua hiyo. Mpaka unalia!"

"Kwani machozi nimeazima kwako?"

Kisha alieleza. Barua za Othmani zilikuwa zimekatika, na Mselem aliandika kwamba asipopata habari zake ataacha masomo amfuate hukohuko. Mama yao alikuwa mgonjwa. Mwatumu alikaa siku tatu na kalamu. Alijua Othmani angeanzaje salamu, na kwamba angemtania mdogo wake kwa kumwita Miguu ya Korongo. Mselem aliamini, akamaliza masomo, akafa akijua kaka yake anakula samaki Rostock.

"Ni hiyo moja tu?" niliuliza.

"Nilidhani moja. Nikisoma ya kabla yake, nayo naisikia mimi. Na ya nyuma yake pia. Nilishazoea kusema kama yeye." Aliusogeza mzigo wa barua upande wangu. "Basi Rostock iache. Nitafutie ya mwisho iliyo yake kweli. Nijue aliniaga kwa maneno gani."

Nilizichunguza kwa wiki sita. Barua ishirini na sita za kwanza zina mambo ambayo msichana wa Tanga asingeweza kuyabuni: jina la mpishi wa bweni, hitilafu ya mashine fulani ya karakana, bei ya makaa ya mawe wakati wa baridi. Tano za mwisho, za kuanzia mwaka 1969, hazina kitu cha namna hiyo. Karatasi ni ya madaftari yaleyale, mwandiko ni uleule, mihuri yote ni ya Tanga. Nilimsomea zote tano kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Kila ilipokwisha alitikisa kichwa, kisha akaniomba niirudie.

Haijulikani ni ipi kati ya zile nne zilizoitangulia ya Rostock, kama ipo, iliyotoka kwa Othmani. Haijulikani pia kama yu hai.