Tughutu ya Masika

Bi Mwanamisi, mganga wa mitishamba wa Mlola, ana madaftari ya miaka thelathini: kila mgonjwa, anachoumwa na dawa aliyopewa. Glory, mtafiti wa chuo kikuu, aliyaingiza yote kwenye kompyuta ili itafute dalili gani huendana na dawa gani.

Aliporudi Mlola na majibu, alitoa shikamoo ya haraka haraka. "Bibi, kompyuta imegundua siri yako! Masika yakiingia, mwenye kikohozi, mwenye tumbo, mwenye upele, wote unawapa majani ya tughutu. Yana nguvu gani wakati wa mvua?"

"Tughutu imeota mlangoni," alisema Bi Mwanamisi, akiendelea kutwanga mizizi. "Dawa nyingine ziko bondeni, na njia inateleza."

Glory alifungua daftari lake, kalamu mkononi.

"Andika basi, mjukuu wangu. Dalili, magoti. Mgonjwa, mimi."