Mgomba Uliovishwa Koti la Maina

Niite mwongo ukitaka, lakini niliongea na ndugu yangu Maina juu ya Mlima Longonot, mchana, wakati tulikuwa tumeshamzika.

Nikisema kumzika, nielewe vizuri. Maina alikuwa akiwatembeza wageni mbugani. Siku moja aliteremka ndani ya kreta, lile shimo kubwa kileleni mwa Longonot, kutafuta mgeni aliyepotea. Mgeni akapatikana, Maina hakuonekana tena. Alitafutwa mpaka watu wakachoka. Wazee wa ukoo kule kwetu Dundori wakasema boma haliwezi kukaa na mtu ambaye hajazikwa. Wakakata mgomba, wakauvisha koti lake jeusi, wakautia kwenye jeneza. Mama aliwalilia wangoje. Nani alimsikiliza? Ndugu yetu mdogo alitaka kuoa, na harusi haingefanyika kabla ya mazishi. Hilo linanichoma hadi leo.

Baadaye nikapanda Longonot na kwaya yetu ya kanisa. Chini tuliona twiga na pundamilia, wenzangu wakapiga picha wakicheka. Mimi sikuwa na kicheko. Kule juu, ukingoni mwa kreta, ukungu ulitufunika nikabaki nyuma. Mbele yangu nyati walikuwa wametulia kama ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa, na katikati yao alisimama mtu. Niamini, lilikuwa koti lile lile, na kifungo nilichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu.

“Niaje, siz,” akasema.

“Maina, twende nyumbani. Mathe anakungoja.”

“Nilikuja. Nikafika mpaka kwa gate, nikaona kaburi iko na jina yangu. Sasa ningeingia kama nani? Waambie wafukue hiyo kitu, nitarudi.”

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa utomvu wa mgomba. Ukungu ulipopita walibaki nyati tu, wakiondoka polepole. Doa la utomvu halijawahi kutoka kwenye sweta yangu.

Nilipomweleza mama, alichukua jembe siku hiyo hiyo. Wazee wakamzuia, baba akiwa mbele, eti kaburi halifukuliwi na chakula cha matanga kimeshaliwa. Mama akahamia kwangu Gilgil. Haongei na baba. Mbwa wakibweka, anatoka nje kufungua geti.

Wewe uliyepotelewa na mtu wako, wakija na panga kukata mgomba, simama mlangoni ukatae. Wakishafukia lile shimo, hata mwenyewe akirudi, watamwambia amechelewa.