Kimea Kilichokwenda Kambini

Wiki iliyopita mjukuu wangu alipitia kwangu kuniaga. Shule yao ilikuwa inakwenda kupiga kambi Serengeti. Ndani ya begi lake alikuwa na pakiti inayong'aa ya nafaka zilizookwa na asali, karanga na zabibu kavu, akanimiminia kiganjani nionje. Nilitafuna polepole, maana meno yangu siku hizi yanachagua kazi, kisha nikamwambia, "Chakula hiki nakijua. Nilikitengeneza kabla mama yako hajazaliwa." Alicheka, akajua bibi ameanza. Yeye alikuwa na haraka ya gari, kwa hiyo nakusimulia wewe.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliishi na bibi yangu mzaa baba huko Nyamwaga. Tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi, lakini bibi aliendelea kulima kipande chake cha ulezi bondeni, kwenye mahame yetu. Siku za shamba la kijiji alikwenda shamba la kijiji kama watu wote. Siku zilizobaki alishuka bondeni.

Kama hujawahi kupalilia ulezi, usiombe. Ukiwa mdogo unafanana na magugu yake, unainama mpaka kiuno kinasahau kunyooka, na ukichelewa wiki mbili shamba limekwenda. Mtu mmoja hawezi. Ndiyo maana kulikuwa na risaga. Unapika pombe, majirani wanakuja na majembe asubuhi na mapema, wanapalilia mpaka mchana, halafu mnakaa mnakunywa. Kesho yake ni zamu ya shamba la mwingine. Risaga ya bibi ilipangwa siku ya Alhamisi, na kimea cha kuchachusha pombe hiyo alikuwa amekiandaa kwa mikono yake. Aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, akauanika kwenye jamvi, akausugua mpaka vile vimikia vya mizizi vikatoka vyote. Kilikuwa kapuni, kando ya jiwe la kusagia.

Siku chache kabla ya risaga hiyo mwalimu wetu wa darasa la sita alitutangazia kambi. Tungeondoka Jumanne kwa lori la kijiji, tuvuke Mto Mara, tulale karibu na mpaka wa hifadhi tuwaone nyumbu, turudi Ijumaa. Sharti lilikuwa moja. "Moto hakuna," alisema. "Askari wa hifadhi hawataki kuona hata moshi. Kila mtu aje na chakula kikavu cha siku nne. Asiye nacho atabaki kufagia shule." Duka la ushirika wakati huo lilikuwa na viberiti na mpini wa jembe. Biskuti tulizisikia kwa waliofika Musoma. Nami nilikuwa sijawahi kupita mto ule, na nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Bibi alinituliza. Alisema atanionyesha chakula walichobeba wachunga ng'ombe wa kwao walipopeleka mifugo mbali. Jumapili baada ya kanisa alinitolea karanga, ufuta, na chupa ya asali aliyoiweka kwa ajili ya kikohozi. "Ulezi chukua ghalani," akaniambia. "Uupepete, halafu uuoshe mpaka mchanga uishe wote. Ukibaki mchanga, wenzako watakulaani." Kisha akaenda kumjulia hali mgonjwa.

Nilichota ulezi ghalani, nikautazama. Ulikuwa umejaa mchanga. Kuutoa ni kazi ya nusu siku, unaosha, unamwaga taratibu, unaosha tena. Na pale kando ya jiwe lilikuwepo lile kapu, limejaa safi. Nilitia punje chache mdomoni. Ni tamu, kimea ni kitamu. Sitakuficha, nilijua ni kimea na nilijua ni cha nini. Nilijiambia nitachukua bakuli mbili tu, nani atajua. Kwa kuwa kikaango cha bibi kilikuwa kipana, nilimimina kapu zima nikaange kwa mkupuo mmoja, kisha kitakachobaki nikirudishe. Sikujua kwamba kimea kikipata moto kinakufa, hakichachushi tena kitu chochote.

Kilinukia mpaka jirani akauliza kwa sauti tunapika nini. Nilikaanga karanga, nikazimenya na kuzipondaponda, nikakaanga ufuta mpaka ukaanza kurukaruka. Asali niliipasha kidogo, nikachanganya vyote, nikavitandaza kwenye ungo uliotandikwa jani la mgomba mpaka vikakauka na kushikana. Nilipokuwa nimemaliza, kimea kilichobaki kilikuwa kimekaa kapuni kwa adabu, rangi imekolea kidogo tu.

Jumatatu bibi alikaa kwenye jiwe kusaga. Alichota konzi moja, akanusa, akatia ulimini.

"Ulezi wa kambi uliutoa wapi?" akaniuliza.

"Ghalani, bibi."

"Haya," akasema.

Alichukua ungo akazunguka nyumba za jirani. Alirudi nao mtupu, kwa sababu ulikuwa msimu wa palizi na kila mwanamke alikuwa na kimea cha risaga yake tu. Kuotesha kingine kulihitaji siku ambazo hazikuwepo. Akasaga kilekile. Asubuhi ya Jumanne alinifungia chakula changu kwa kitenge chake kizuri, akapiga fundo mara mbili. "Usile peke yako," aliniambia.

Nyumbu niliwaona, na hawakunishinda kwa uzuri. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba wenzangu wengi walikuja na viazi vitamu vya kuchemsha, na siku ya pili vilichacha. Basi kitenge cha bibi kikawa meza ya darasa zima. Mwalimu naye alikuja na kiganja. "Utamu huu unatoka wapi?" akauliza. Nikamwambia ni asali.

Ijumaa lori lilitushusha barabarani, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mama jirani, amebeba kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi yako yuko bondeni tangu jana," akasema. "Pombe ilikataa, ikabaki uji. Watu walikuja na majembe, wakaonja, wakaaga kwa heshima, wakaenda kwa mwenye pombe. Tulibaki watatu, na sisi tuna mashamba. Anasema kimea kilipata ukungu."

Ukungu! Niliposikia hivyo nilitamani lori lingenirudisha kwa nyumbu.

Nilishuka bondeni na kitenge chake kikiwa kitupu. Bibi alikuwa amepiga magoti kati ya mistari. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado ya kijani mchanganyiko, huwezi kusema ulezi uko wapi.

"Mmefika," akasema bila kuinuka.

"Tumefika, bibi."

"Wenzako walikula?"

"Walikula wote. Hata mwalimu."

"Kilikuwa kitamu?"

"Kitamu, bibi."

"Basi hakikupotea. Anzia pale."

Nilianzia pale. Tulipalilia siku ile na siku zilizofuata, mimi na yeye, lakini magugu yalitutangulia. Mwaka ule ghala halikufika nusu, na tulianza kula muhogo mapema kuliko majirani. Hakuwahi kunilaumu. Nina aibu mpaka leo.

Siku hizi bondeni kule wanapanda mahindi, magugu wanayapulizia dawa, na ukitaka watu wa kukusaidia unatafuta vibarua. Risaga nikiitaja kwa watoto wananiuliza ni kitu gani. Ulezi naununua sokoni umekwisha kuoshwa, hauna punje ya mchanga, na kila ninapoukaanga hauwi mtamu kama ule. Bibi tulimzika mahali palepale, kwenye mahame.

Kwa miaka mingi nilingoja aniulize tena ule ulezi niliutoa wapi. Jibu nilikuwa nimeliandaa. Hakuuliza, na mimi sikusema. Kapuni, bibi. Niliutoa kapuni.