Jirani Yangu na Mikwaruzo ya Magari ya Watu

Dirisha la jiko langu linatazama ua wa jirani, kwa hiyo msinione mmbea nikieleza habari zake. Mtu akiosha vyombo, macho lazima yapate pa kwenda.

Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu. Mtaani tunamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Mkewe alifariki, watoto wana maisha yao mbali. Wakipiga simu anaongea kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, kisha nyumba inanyamaza mpaka mimi huku nasikia bomba langu likidondosha maji.

Alichobaki nacho ni gari dogo la buluu, na watu waliomletea magari yao yaliyokwaruzwa. Hakuwa fundi, wala hakutoza kitu. Tena hakukufanyia kazi yenyewe. Alikushika kidole, akapitisha ukucha wako juu ya mkwaruzo.

"Umenasa?"

"Haujanasa, Mzee."

"Basi huo ni wa juu juu, utatoka. Ungenasa ningekwambia nenda kwa wapaka rangi, hapa hatufanyi miujiza."

Kisha alikupa kitambaa chenye maji na dawa kidogo ya kung'arishia, ukasugua mwenyewe. Yeye alikaa kwenye kigoda pembeni akiongea. Taratibu, usikandamize. Taratibu, hilo si sufuria. Kazi ya muda mfupi ilikula asubuhi nzima, na watu walikaa, kwa sababu mzee alikuwa na vichekesho. Mume wangu alisugua mlango wa gari la kaka yake pale mpaka nikamfuata.

"Ulienda kuondoa mkwaruzo au ulienda kuoa?" nikamuuliza.

Mzee akajibu kwa niaba yake: "Mwache, shemeji. Mahari bado tunajadiliana."

Halafu pale njia panda pakafunguliwa duka la kung'arisha magari. Mbele kioo kitupu, ndani taa kali na mashine zinazozunguka. Unaacha ufunguo, unaondoka, ukirudi gari linakuonyesha sura yako. Sitasema uongo, kazi yao ni nzuri kuliko yetu. Magari yaliyosuguliwa uani kwa Mzee, jua likiyapiga, ulikuwa unaona vimistari vya mviringo kama utando wa buibui. Ya kule hayana kitu. Watu wakahamia, na siwalaumu. Ila hakuna aliyepita kumwambia. Kigoda kilikaa ukutani, na Mzee akawa anatoka nje kila gari likipunguza mwendo, hata likiwa limekosea njia.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo. Nikamwona amesimama kando ya gari lake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatoa ufunguo mfukoni, akaupitisha mlangoni, polepole, kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Akaingia ndani, akatoka na ndoo na kitambaa. Akasugua, akawa anaongea peke yake: taratibu, usikandamize.

Nilibaki na shati la mume wangu mkononi, linanichuruzikia miguuni.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Gari lake, ufunguo wake. Usijitie." Lakini mimi moyo wangu hautulii kirahisi. Nilimwona tena, na tena, mlango uleule. Kila ukisugua unakula rangi kidogo, alitufundisha mwenyewe. Nikawa naosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, ili nimwangalie.

Siku aliyoniita ukutani, nilijua sauti yake haiko sawa.

"Jirani, njoo uone walichonifanyia watoto."

Binti yangu wa mwisho huendesha baiskeli kwenye uchochoro unaokatiza uani kwa Mzee, na usukani wake unafika usawa wa mlango wa gari. Nikaenda nikifuta mikono kwenye kanga. Mlangoni palikuwa na kiraka cha kijivu, upana wa kiganja. Rangi ya buluu ilikuwa imeisha, imebaki ile ya chini.

"Watoto gani, Mzee?"

"Watoto tu. Wanapita na baiskeli."

Aliposema baiskeli hakunitazama. Ningeweza kumwambia nilichokiona. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mtu mzima ukimvua nguo mchana, utamfunika na nini? Na mwanangu je, akae na lawama isiyo yake?

"Nitamuuliza wangu," nikasema. "Ila huu umeshapita ukucha, Mzee. Twende kwa wale wa njia panda."

"Utanisindikiza?"

"Nimeshasema twende."

Aliendesha kama amebeba mayai. Kijana mwenye aproni akainama, akamulika kile kiraka kwa tochi.

"Nani alisugua hapa, mzee?"

"Ni mimi. Lete kitambaa nikuonyeshe nilivyosugua, tushirikiane."

Kijana akatabasamu kwa heshima. "Hapa mteja hagusi, mzee wangu. Mashine haitasaidia, lazima lipakwe rangi. Acha ufunguo, nenda nyumbani ukapumzike. Tutakupigia."

"Nikae nitazame tu?"

"Huko ndani kuna dawa kali, hatumruhusu mtu. Usijali, tutakupigia."

Mzee alishika ule ufunguo muda mrefu kabla ya kuuachia.

Tulirudi kwa miguu. Nikasema jua kali. Akaitikia, kali kweli. Tulipokaribia kwetu akasimama.

"Jirani, usimuulize mtoto."

"Simuulizi, Mzee."

"Hakugusa."

"Najua."

Akanitazama, kisha akatazama dirisha la jiko langu. Hakuuliza najuaje. Tukafika getini kwake. Uani palibaki doa la mafuta pale gari linapokaa, na upepo ukipeperusha majani juu yake.

"Karibu ndani basi," akasema, haraka, kama mtu anayetarajia kukataliwa.

Nilikuwa na maharage jikoni na binti anarudi kutoka shule. Tangu msiba wa mkewe sikuwa nimevuka mlango ule. Kumtazama nilimtazama kila siku. Kuingia, sikuingia.

Niliingia. Mezani palikuwa na viti vinne, vitatu vimesukumwa ndani na vumbi limetulia juu ya migongo yake. Akavuta kimoja, akakifuta kwa kiganja, akakifuta tena. Akaenda jikoni. Nikamsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua jingine. Akarudi na chai kwenye kikombe kimoja, akakiweka mbele yangu.

"Vingine sijui marehemu aliviweka wapi," akasema. "Wewe kunywa. Mimi nitakunywa ukimaliza."

Akakaa ng'ambo ya meza, mikono juu ya magoti. Chai ilikuwa imezidi majani. Nikanywa taratibu.