Samaki Asiyetaka Mwenzake

Asubuhi niliyoondoka Bariadi sikujua ninakokwenda, jambo ambalo kwangu si habari. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimehama miji kwa sababu dhaifu kuliko hiyo. Kilichokuwa kipya ni mzigo: begi mgongoni, na mkononi chupa pana iliyowahi kuwa na asali, ndani yake samaki mmoja mwekundu aina ya beta, mapezi yamechanika kama bendera ya ofisi ya kijiji. Kuku wa gesti walikuwa wameshaamka. Walikuwa na miadi naye.

Kwenye gesti hiyo nilifanya usafi na kupokea wageni kwa miezi kadhaa. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyeijenga kwa pamba na ng'ombe, na alijua kila kitu, kwa kuwa anayejua ng'ombe amemaliza elimu. Beta aliachwa na afisa mmoja kutoka Dar, mgeni wetu wa muda mrefu, alipohamishwa tena. Aliacha samaki, tangi la kioo la kujaa ndoo mbili, na onyo: "Huyu akae peke yake. Ni mkorofi." Mzee alishukuru sana, akamsindikiza afisa mpaka stendi, akarudi kuanza kumtafutia samaki mwenzake.

"Ngosha," aliniambia, maana kwa Wasukuma kila mwanamume ni ngosha, "umeona wapi mfugo mmoja? Hata mjane ana mbuzi wawili. Wageni wataniona maskini."

Basi nikateuliwa kuwa mshenga wa samaki. Nilisoma kwenye simu pale mapokezi mpaka wageni wakawa wananigongea meza. Nilijifunza kwamba mwenzake beta anatakiwa awe mdogo, mpole, asiwe na rangi kali wala mkia mrefu, akae chini na ashughulike na mambo yake. Yaani mpangaji mwema, ambaye hata kati ya binadamu sijawahi kumpata. Samaki waliopendekezwa walitoka mito ya mbali ambayo sokoni Bariadi hakuna aliyeisikia. Mzee akasema Sapiwi kuna lambo, na lambo lina samaki. Hapo utafiti ukaishia.

Tulianza na perege wadogo watatu. Siku mbili walikuwa na adabu. Ya tatu wakagundua kwamba mapezi ya beta yanaliwa. Tukawatoa, tukaweka kambale mdogo, ambaye udogo wake ulikuwa wa muda. Huyo nilimtoa siku alipoanza kumpima beta kwa mdomo. Halafu nikaleta konokono wawili, na hao, nakiri, walikuwa kazi yangu bora. Beta aliwapita kama mawe. Nilijisifu siku nne nzima, mpaka nesi mmoja aliyekuja kwenye semina alipoinamia tangi na chai yake mkononi.

"Kaka, hawa konokono mmewatoa wapi?"

"Lamboni, dada."

"Na maji unabadilisha kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Akaweka kikombe chini. "Nenda kapime kichocho."

Nilipima, nikakutwa mzima. Konokono hawakupewa nafasi ya kupima.

Ndipo mzee akaamua kulishika jambo mwenyewe. Aliagiza Mwanza beta wa pili, dume wa bluu, akaja na basi ndani ya mfuko wa plastiki, amepakatwa na konda. Nilimweleza mzee yote niliyosoma: beta madume wawili wakikutana, mmoja hufa.

"Wewe unifundishe mimi madume?" alisema. "Nzagamba mgeni akiingia zizini anapigana na dume mwenyeji siku moja tu. Mmoja anashindwa, anajua nafasi yake, kesho wanakula majani pamoja. Ukiwatenganisha ndiyo unaharibu."

"Mzee, zizini aliyeshindwa anakimbia. Humu atakimbilia wapi?"

"Pembeni."

Pembe zilikuwa nne, na chai haijapoa zote zilikuwa za yule wa bluu. Mzee alisimama mbele ya kioo akiita wageni waje waone. Lilikuwa pambano la kumpendeza kila mtu isipokuwa aliyekuwa anapigwa. Nilipotia mkono kumtoa wetu, mzee hakukasirika. Swali lake, la nani dume zaidi, lilikuwa limejibiwa.

"Huyo amekwisha," alisema. "Kesho asubuhi wape kuku."

Sikubishana. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemtafutia wenzake, na karibu kila niliyemleta alimpunguza kidogo. Kuku wangekuwa wenzake wa mwisho.

Asubuhi hiyo nilisimamisha lori la mashudu ya pamba lililokuwa linapeleka chakula cha ng'ombe Meatu. Dereva aliitazama chupa kabla ya kunitazama mimi.

"Mwangaluka. Hicho nini?"

"Samaki."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akaendesha kidogo, anafikiri. "Wenzako wanahama na ng'ombe mia. Wewe umehama na kitoweo, tena nusu."

"Haliwi huyu."

"Sasa ana kazi gani?"

Swali hilo mimi mwenyewe nimeulizwa na ndugu wa pande zote mbili, na sijapata jibu zuri. Nilihamishia chupa upande wa kivuli. Yeye aliendelea kunifariji: "Na unampeleka kwenye ukame. Afadhali wangemla huko huko."

Tulipofika Mwanhuzi, mji wa Meatu, jua lilikuwa utosini na maji ya chupa yamepata moto. Beta alikuwa amelala ubavu. Niligonga kioo, hakugeuka. Nyumba ya kwanza ya wageni waliniambia hawapokei wanyama. Ya pili nilimkuta mama mwenye nyumba amekaa barazani anachambua mchele.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Chumba kipo. Huyo anakufa?"

"Karibu."

"Maji hapa ni ya madumu, mwanangu. Ya kuoga nitakupa. Ya samaki sijawahi kuombwa." Aliinua chupa usawa wa macho. "Hana mwenzake?"

"Hana, na hatakiwi kuwa naye."

"Kama mimi," akasema, akainuka.

Nyuma ya nyumba, kivulini, palikuwa na pipa lililokatwa nusu, lenye maji ya mvua ya juzi. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza humo. "Bwana afya aliniambia niyamwage," alisema. "Nimechelewa kidogo." Nilizamisha chupa taratibu, nikamwacha beta atoke mwenyewe. Alishuka kama jani. Tukasubiri. Kiluwiluwi kimoja kikapita mbele yake bila heshima, akageuka, kikawa hakipo. Kisha cha pili.

"Hao wanamfaa," mama alisema.

Akaleta daftari la wageni. Nilijaza nitokako na kabila, kwenye kazi nikaandika "mengineyo".

"Uendako hujajaza."

"Sijui bado."

"Basi niambie unakaa siku ngapi. Kuna mwalimu anakitaka chumba hicho."

Sijawahi kujibu swali hilo kwa zaidi ya siku tatu. Nikatazama pipa. "Mpaka mapezi yake yaote," nikasema.

Akachukua kalamu, akaandika "mwezi" mwenyewe, akanipa ufunguo, na kunikataza kuchota kwenye pipa hilo kwa ndoo ya chooni.